Swali Nililolizima

Ambakisye tulimzika Jumanne, Mbeya, katika udongo mwekundu ulioloa kiasi kwamba wachimbaji walikuwa wakitoa koleo moja la udongo na mawili ya maji. Nilitoka Iringa kwa basi la asubuhi, nikafika jeneza likiwa tayari uani, nikakaa mkekani na wazee wenzangu ambao hakuna hata mmoja aliyenifahamu. Kabla hawajafunga nilimtazama mikono. Walikuwa wamemvisha glavu nyeupe, na nilijua walifanya hivyo kwa heshima, ili waombolezaji wasivione vidole. Mimi vidole hivyo navijua. Kabla ya mwaka ninaotaka kuusimulia vilikuwa virefu na vyepesi, vidole vya mtu anayepiga gitaa kanisani. Baada ya mwaka ule hakushika gitaa tena, na hata kikombe cha chai alikibeba kwa viganja viwili. Tulipotoka makaburini tuligawiwa wali na nyama ya ng'ombe. Nyama niliisukuma pembeni ya sahani, kama ninavyofanya tangu mwaka ule, na bibi mmoja jirani yangu akaniuliza kama nina shinikizo la damu. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu uongo huo ni mwepesi kuliko maelezo.

Ndipo binti yake, Tumpe, aliponiita ndani. Kilikuwa chumba cha baba yake: kitanda cha chuma, dirisha linalotazama migomba, redio iliyofunikwa kitambaa. "Shikamoo mama. Wewe ndiye mama Yustina wa kompyuta?" Nikaitikia marahaba, nikasema ndiye mimi. "Baba aliacha bahasha. Alisema nikupe wewe mkononi, nisimpe mtu mwingine hata akilia." Nikaifungua palepale. Ilikuwa karatasi ya kompyuta ya zamani, yenye mistari ya kijani na matundu pembeni, imekunjwa mara nne na kuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Nilihitaji kusoma mstari mmoja tu kujua ni nini, kisha nikakaa kitandani kwa marehemu bila kukaribishwa. Karatasi hiyo ingemwokoa Ambakisye na jela. Ingeviokoa na vidole vyake. Ilikuwa na herufi za jina langu, na alikuwa nayo muda wote.

Kuna mtu mmoja aliye hai ambaye nina deni la kumwonyesha karatasi hiyo. Anaitwa Kabula, anauza mchele katika soko la Iringa, mstari wa nyuma, na ana jicho moja. Nimeishi Iringa zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo nimenunua mchele kwa watu wengine. Nikienda sokoni nazunguka kwa wauza ndoo ili nisipite mbele yake. Tangu nitoke msibani nimekuwa nikijiuliza kama nitakufa nikizunguka, na ninaandika haya ili nijue nitamwambia nini.

Ofisi yetu sitaitaja. Haipo tena, na jina lake halitamsaidia mtu. Ilikuwa mwaka sabini na saba, mimi nina miaka ishirini na miwili, nimetoka Kilolo na cheti changu cha uchapaji, na treni ya Zambia bado watu walikuwa wakienda stesheni kuitazama tu. Kompyuta ilikuja na treni hiyohiyo, imeshatumiwa na watu ng'ambo ya mpaka, makabati sita ya chuma yanayounguruma kutwa. Iliwekwa katika ghala la zamani la kahawa chini ya mlima Loleza, na ghala lile halikuacha kunuka kahawa hata siku moja. Mashine ilitaka baridi, na baridi ya Mbeya mwezi wa sita hainunuliwi, kwa hiyo tulifungua madirisha tu tukavaa masweta mawili mawili. Kulikuwa na vioo viwili vya kuandikia, vyenye maandishi ya kijani, kimoja cha kwetu makarani na kingine kando ya mlango wa bwana mkubwa. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, na Ambakisye, aliyekuwa fundi mwendeshaji wa mashine, alivipasha viazi vyake juu ya kabati lililokuwa na joto zaidi. Alikuwa amesomea kazi ile Dar es Salaam na kisha Ulaya, lakini hakuwa na majivuno ya Ulaya. Alikuwa Mnyakyusa wa kucheka hovyo.

Ndani ya mashine mlikuwa na kumbukumbu za kaya zote za kipande kimoja cha bonde la Usangu: jina la mkuu wa kaya, kitongoji, ng'ombe wangapi, shamba lipo au halipo, na mwishoni kabisa kisanduku cha namba moja. Ukiandika moja, maana yake kaya ibaki. Ukiandika mbili, ihame. Bonde lilikuwa likipimwa kwa ajili ya mifereji ya mpunga, na wafugaji waliokuja na mifugo yao kutoka kaskazini walitakiwa wapishe, isipokuwa wale waliokwisha kulima na kupewa barua ya kubaki. Na kila mmoja wetu aliyeitumia mashine alikuwa na profaili yake, yaani ukurasa wa mapendeleo yake, ambao mashine iliusoma kila ulipoingia: ikuonyeshe mistari mingapi kwa mara moja, iseme nawe kwa maneno gani, kisanduku ulichokiacha wazi ikijaze nini, na kabla ya kuhifadhi ulichoandika, ikuulize au isikuulize. Ukurasa huo ulibadilishwa na Ambakisye au mimi, na mashine iliandika chini yake herufi za aliyebadilisha. Kila Ijumaa Ambakisye alichapisha kurasa zote za profaili akazifunga kwa kamba ya katani. Hakuna aliyemwamuru. Ndivyo alivyokuwa.

Mashine ilikuja ikisema Kiingereza. Ambakisye alikaa miezi miwili akiifundisha Kiswahili, sentensi moja moja, na kwa utani akaweka salamu za makwetu. Yeye akiingia, kioo kilimwandikia UGONILE. Mimi nikiingia, kiliniandikia KAMWENE, na siku ya kwanza nilipoiona niliitikia kwa sauti, "Kamwene," chumba kizima kikacheka. Swali la kuhakikisha nalo akaligeuza. Ukimaliza kuandika kaya, kabla haijahifadhiwa, kioo kilikuuliza: UNA HAKIKA? N/H. Ukibonyeza N kwa ndiyo, inahifadhi. Ukibonyeza H kwa hapana, inakurudisha ukasome tena. Mimi peke yangu nilibonyeza H mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Chengula, mtu wa mwili mkubwa na sauti ya kutoka tumboni, ambaye hakutembea bila fimbo yake ya mpingo. Kisanduku cha mwisho hakukiamini kwa karani yeyote. Faili za bonde aliziingiza mwenyewe, kwa kidole kimoja, akihema. Kwa Kiingereza lile swali halikuwahi kumuudhi. Nadhani hakuliona kama swali, aliliona kama pambo la mashine. Siku Kiswahili kilipoanza kwenye kioo chake alikuwa na wageni wawili kutoka wilayani, wamesimama nyuma yake na vikombe vyao. Akaandika kaya, akabonyeza kitufe kikubwa, kioo kikamuuliza. Mgeni mmoja akacheka. "Lo, mzee, umeulizwa na mtoto." Bwana Chengula hakugeuka. Aliita tu, "Ambakisye!" Ambakisye akaja na kiazi mkononi. "Nani ameiambia hii inihoji?" Ambakisye akasema, "Ni mimi, mzee. Ni tahadhari tu. Inawauliza watu wote." Mzee akasema, "Mimi ni watu wote?" Na palepale akainua fimbo akampiga nayo mdomoni. Haikuwa ile ya kukaripia. Aliipiga kama anaua nyoka. Jino la mbele la Ambakisye liliruka likaangukia kwenye kibodi, katikati ya vitufe, na damu ikafuata ikitiririka humo humo. Mgeni aliyecheka akaweka kikombe chini taratibu. Bwana Chengula akafuta fimbo kwa leso yake akasema, "Kesho nikiulizwa tena, naondoka na taya."

Sisi tuliolelewa nyanda zile tunalijua jambo hilo bila kufundishwa: mkubwa akisema, haulizwi mara ya pili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyoimbishwa tangu utoto. Nilimfunga Ambakisye khanga yangu usoni, na wakati tunangoja gari la kumpeleka hospitali nilimwomba alitoe lile swali kwenye profaili ya mzee. Akatikisa kichwa, akaongea na damu mdomoni. "Dada Yusta, swali ndiyo breki. Wewe unateremka mlima Kitonga bila breki?" Nikamwambia atapigwa tena. Akasema, "Nipigwe." Gari likaja likamchukua, naye alikuwa hospitali anashonwa mdomo nilipokaa kwenye kioo chetu, nikafungua ukurasa wa Bwana Chengula, nikalizima swali. Nililizima ili Ambakisye asivunjwe taya. Hiyo ni kweli, na nimeishika kweli hiyo miaka yote. Lakini sikuishia hapo. Wiki ile mzee alikuwa akiingiza faili za wanaohama tu, mbili baada ya mbili, nami nikaona nimpunguzie kazi: nikaagiza kisanduku cha mwisho akikiacha wazi, mashine ijaze mbili yenyewe. Kesho yake nikamwambia kwa unyenyekevu wote, nimepiga goti nusu, "Mzee, usihangaike na kile kisanduku cha mwisho. Mashine itakijaza." Akajaribu, ikajaza, haikumuuliza. Akasema, "Wewe binti una adabu." Nilifurahi. Ningependa kuandika kwamba moyo uliniuma, lakini nilifurahi, na mchana ule nilikula chakula changu kwa hamu.

Ambakisye aliporudi na uso umevimba akagundua mara moja, hakunigombeza, aliniambia tu kwa sauti ya chini, "Umenionea huruma vibaya, dada." Akataka kulirudisha. Nikamsihi angoje wiki mbili, mzee apoe. Alingoja kwa sababu nilimsihi. Ndani ya wiki hizo Bwana Chengula alimaliza fungu la wanaohama akaanza la wanaobaki, kaya kumi na tisa za kitongoji kimoja. Nilikuwa nimemwambia asihangaike na kisanduku, naye hakuhangaika. Alidhani mashine inajua. Alibonyeza kitufe kikubwa mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa mashine ikaandika mbili kimyakimya, kama nilivyoiagiza.

Orodha niliichapisha mimi. Jina la kwanza lilikuwa Masanja Shija, na nikashtuka, kwa sababu barua yake ya kubaki niliipiga taipu kwa mikono yangu. Nilimjua. Kila Jumamosi aliyofika Mbeya alileta maziwa ya mgando ofisini, akaniita mayu, yaani mama, ingawa umri wake ulikuwa wa baba yangu. Nikaondoka na karatasi hadi mlango wa mkubwa. Ndani nilimsikia akizungumza na kamanda wa mgambo. "Ikitoka kwangu haina swali," alikuwa akisema, na kamanda anacheka, "Ndiyo mzee, haina swali." Nikasimama pale na mkono umenyanyuka kugonga hodi. Niliwaza pengine barua zimefutwa, pengine wakubwa wanajua tusiyoyajua. Nikashusha mkono, nikarudi kiti changu. Ambakisye siku ile alikuwa stesheni akifuata karatasi. Ningemwambia yeye, angegonga.

Walitaka mtu wa kuisoma orodha huko bondeni, kwa sababu mgambo wengi hawakusoma. Nikapelekwa mimi. Tulifika saa tatu asubuhi, lori moja la watu wenye marungu na Landrover moja yenye bunduki tatu. Kitongoji kilikuwa safi, nyumba za udongo zimefagiliwa, maghala ya mpunga yamejaa maana mavuno yalikuwa yametoka. Kamanda akanisimamisha juu ya bodi la lori ili nisikike. Nikasoma: "Masanja Shija. Mbili." Akatoka akitabasamu, ameshika barua iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu, kisha akamgeukia kamanda. "Afande, mimi nimepewa kubaki. Barua hii hapa. Mayu, hebu soma na hii." Kamanda akaniuliza, "Kwenye orodha ni ngapi?" Nikasema, "Mbili." Akamwambia Masanja, "Barua imeandikwa na mtu. Hii imetoka kwenye kompyuta. Kompyuta haikosei." Akampokonya barua akaichana.

Masanja aliinama kuokota vipande. Rungu la kwanza lilimpata kisogoni akiwa ameinama, akaanguka kwa magoti, na wakamzunguka watu wanne. Nimesoma watu wakiandika kwamba mambo ya namna hii huonekana kama ndoto. Mimi sikuona ndoto. Niliona vizuri, jua lilikuwa limewaka. Niliona mkono wake ukiinuka kuzuia na mfupa ukikatika na kutokeza nje ya ngozi. Nilisikia kichwa, kwanza mlio mkavu, kisha mlio wa kitu kilicholowa. Binti yake, Kabula, wakati ule mwali wa miaka kumi na saba, alitoka jikoni na mchi akampiga mgambo mmoja mgongoni mpaka akalala chini. Wakamnyang'anya mchi wakampiga nao usoni. Kaka yake akaja mbio kutoka zizini na mkuki, akamchoma mgambo mwingine tumboni, mkuki ukatokea mgongoni, na yule mtu akakaa chini ameushika kwa mikono miwili akiita mama yake kwa Kisangu. Bunduki zikalia. Yule kaka akaanguka mlangoni kwao. Halafu kamanda akaninyooshea kidole, uso wake umeingia vumbi na damu, akasema, "Wa pili!"

Nikasoma wa pili. Nikasoma wa tatu. Nilisoma majina yote kumi na tisa, kila moja na namba yake, na kila niliposoma, nyumba ilichomwa. Maghala yaliposhika moto mpunga ulianza kunukia kama bisi, harufu nzuri ya jikoni, na tumbo langu likanguruma. Hakuna aliyenishikia bunduki. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nimepotewa na mstari. Masanja alikuwa bado anapumua nilipofika kaya ya kumi, kando ya zizi, kwa mkoromo, na nilipofika ya mwisho alikuwa amenyamaza. Jioni haijafika wakachinja ng'ombe wake wawili, na kamanda akaniletea ini lililochomwa kwenye jani la mgomba, akasema, "Kula binti, umefanya kazi." Mgambo walikuwa wanabishana nani atarudisha maiti ya mwenzao kwao. Nilikula ini lile. Nilikuwa na njaa, nikalimaliza.

Zile barua za kubaki zilikuwa na nakala wilayani, na watu watatu walikuwa wamekufa, mmoja wao mgambo, kwa hiyo wachunguzi walikuja. Bwana Chengula aliwaambia kitu kimoja tu, na kilitosha: fundi wa mashine alikuwa na kisasi kwa sababu ya jino. Wakamfungia Ambakisye katika stoo ya karatasi, ukuta mmoja na kiti changu. Walitumia droo ya meza. Walimwekesha vidole ukingoni mwa droo wakaifunga kwa teke. Nilisikia swali, "Nani aliibadilisha?" Nilisikia jibu, "Sijui." Kisha droo. Yeye ambaye aligundua siku ileile aliporudi kutoka hospitali, aliyeniambia nimemwonea huruma vibaya, akasema hajui, na droo ikafungwa, na mimi upande huu wa ukuta nikahesabu mpaka nne, nikashindwa kuendelea.

Asubuhi ya pili Bwana Chengula alinijia akakaa ukingoni mwa meza yangu. Alijua. Mashine ilikuwa imemwonyesha herufi YK, herufi zangu, chini ya ukurasa wake. "Wachunguzi watataka kuuona ukurasa," akasema. "Yule amekwisha vunjika, hakuna cha kuokoa. Wewe vidole vyako vizima. Uandike upya kwa jina lake." Siku zile mashine haikuijua tarehe yenyewe, tuliiandikia kila asubuhi kwa mkono tulipoiwasha. Asubuhi ile niliandika tarehe ya mwezi uliopita. Neno la siri la Ambakisye nililijua kwa sababu aliniamini. Nikaingia kwa jina lake, na kioo kikaniandikia UGONILE. Nikafungua ukurasa wa mzee, nikaagiza yaleyale: swali lizimwe, kisanduku kijazwe mbili. Ukurasa mpya ungeufuta wa zamani, na herufi zingekuwa zake. Kwake yeye swali lilikuwa bado linafanya kazi. UNA HAKIKA? N/H. Upande wa pili wa ukuta droo ikafungwa. Nikabonyeza N.

Walimfunga miaka sita. Mahakamani walimwonyesha ukurasa ule wenye herufi zake, naye akautazama kwa muda, kisha akanitafuta kwa macho kwenye mabenchi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Bwana Chengula alihamishwa, akazeeka, akafia kitandani kwake. Mimi niliomba kazi Iringa, karani wa shule, nikakaa huko. Sikumtembelea Ambakisye jela, na alipotoka sikwenda kumpa pole.

Na sasa nimejua kwa Tumpe kwamba siku lori liliporudi kutoka bondeni, kabla hajakamatwa, alikwenda kwenye bunda la Ijumaa, akachomoa karatasi moja, akaificha nyumbani ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo. Nilidhani nimeufuta ukurasa wangu, kumbe ulikuwa kwenye karatasi. Pale kitandani kwake nilimuuliza Tumpe kwa nini baba yake hakuitoa. Tumpe akasema naye aliwahi kumuuliza. "Alisema, 'Vyangu vilishavunjika. Ningesema, wangeanza na vya kwake.' Nikamuuliza, na ulipoona mahakamani amekuandikia jina lako? Akasema, 'Hapo niliumia kuliko kwenye droo.' Lakini karatasi hakuitoa, mama." Tumpe alinitazama bila chuki. Ningefurahi angenitukana.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni. Nilipita kwa wauza ndoo kwa mazoea, nikasimama, nikarudi nikashika njia ya katikati. Kabula alikuwa amekaa nyuma ya magunia yake, kitambaa kichwani, jicho la kushoto limeziba. "Karibu mama, mchele wa Usangu huu, kilo ngapi?" Nikamwambia sikuja kununua. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia swali la kwenye kioo mpaka ini, na nikamwekea karatasi juu ya mchele. Hakuichukua. Akamhudumia mteja mmoja, akamrudishia chenji, kisha akasema, "Sauti yako niliijua mwaka wa kwanza tu ulipopita hapa ukiuliza bei ya maharage. Nimekuona ukizunguka kule. Nilidhani unaogopa jicho langu." Nikasema nisamehe, na neno lenyewe likatoka dogo, kama mtu anayeomba apishwe njia. Akalipuuza. "Hiyo karatasi ina jina la baba?" Nikasema hapana, ina langu. "Basi ya nini kwangu? Barua ya baba ilikuwa imeandikwa nini?" Nikasema, "Abaki." Akasema, "Siku ile ulisimama juu, ukasoma kwa nguvu, wote tukasikia. Soma hivyohivyo. Soma kama barua ilivyosema."

Soko lilikuwa limejaa. Magoti yangu ni mabovu, lakini nilipanda juu ya kreti lake la mbao, nikishika nguzo ya kibanda. "Masanja Shija," nikasema, kwa sauti ileile. "Moja." Watu wakageuka kutazama bibi kizee anayepiga kelele juu ya kreti. Kabula alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake imezama ndani ya mchele mpaka viwiko. Kisha akaniinulia lile jicho moja.

"Wa pili," akasema.

Majina yote kumi na tisa ninayo kichwani. Nikasoma la pili.